Aliyebana Pua

Hexham, 27 Desemba 2018

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, ila Bibi anakohoa na hataki kuulizwa, na Mama ana mafua. Baba ni mzima kabisa, amekula bata mzinga kama watu wawili. Je, wewe hujambo huko Stromness? Paa limesalimika? Tulisikia kwamba feri zilizuiwa na dhoruba karibu juma zima, nikakufikiria.

Asante kwa soksi. Nimezivaa sasa hivi, nakuandikia nikiwa kitandani na chai pembeni, maana shule imefungwa na hakuna mtoto wa kuniuliza Kilatini kina faida gani.

Nina swali, lakini lazima nianze mbali kidogo.

Kaka Rufus alikuja na mgeni. Si mchumba, aliapa kabla hata hajavua koti, Mama akakata tamaa mlangoni. Ni muuguzi mwenzake pale hospitalini Newcastle. Kwao ni huko visiwani kwenu, alikuwa arudi nyumbani kwa sikukuu, feri ikamzuia, Rufus akamwambia hawezi kula Krismasi peke yake chumbani. Anaitwa Sunniva. Mrefu, nywele zenye wekundu kidogo, na anapocheka mabega hutikisika lakini sauti haitoki. Tulimlaza chumbani kwako.

Baada ya pudini tukacheza mchezo wa ishara, kama kila mwaka, ule wa kuigiza bila kusema kilichoandikwa kwenye karatasi mpaka wenzako wakisie. Karatasi ndani ya kofia ya marehemu Babu, kipima muda cha mchanga juu ya piano, taji za karatasi vichwani. Upande mmoja Baba, Mama na mgeni. Upande wa pili Bibi, Rufus na mimi.

Rufus alianza. Alisimama tu mbele ya moto, Bibi akapaza sauti: "Kitabu!"

"Bibi, bado sijafanya kitu."

"Basi fanya. Unasubiri basi hapo?"

Baba alidai kwamba hilo lilikuwa kosa na tukatwe pointi. Unamjua. Hajawahi kupoteza hata nusu pointi bila kesi. Wakabishana hadi mchanga ukaisha.

Kisha ikawa zamu ya Sunniva. Alisoma karatasi yake, akaitia mfukoni, akasimama wima, akabana pua.

"Wimbo!" Baba akasema papo hapo.

"Maneno mangapi?" Mama akauliza. Mchezo ukaendelea, wakaupata huo wimbo, Baba akapiga makofi. Nami nikapiga makofi pia. Ni baadaye kabisa, nikiwa naokota maganda ya njugu kwenye zulia, ndipo nilipogutuka.

Shangazi, hakuna mtu duniani anayebana pua kusema wimbo. Nchi nzima hufungua mdomo na kupeleka mkono mbele, kama sauti inayotoka. Ni nyumba hii tu, kwa sababu Babu alikuwa akimtania Bibi kwamba kanisani anaimbia puani. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilibana pua mbele ya watu kumi na ukumbi mzima ukapiga kelele "Harufu!" na mmoja akasema "Choo kimeziba!" Hapo ndipo nilipojifunza kwamba tuna lugha yetu.

Nilimuuliza Rufus kama alimfundisha. "Mimi? Nilimwambia mambo mawili tu: asikae kwenye kiti cha Bibi, na asimsifu Baba kwa anavyokata nyama, maana ataikata mpaka kesho."

Nilimuuliza mwenyewe tukiosha vyombo: "Na kwenu pia mnabana pua?" Aliifuta sahani moja kwa muda mrefu sana. "Kila nyumba ina yake," akasema.

Na Bibi pia aliona. Alipokuwa anaenda kulala alisimama mbele ya yule msichana, akamshika mkono wa sweta. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Stromness, Bibi."

"Sikukuuliza wa wapi."

Basi swali langu: mji wenu ni mdogo. Je, kuna watu huko wanaobana pua? Unawajua watu wa huyu Sunniva? Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kinauma, nalo ni dogo kama punje, lakini silali.

Mpwa wako,
Bryony


Stromness, 4 Februari 2019

Bryony mpenzi,

Nimepata barua yako. Samahani kwa kuchelewa. Sijambo, paa limesalimika, ila mlango wa banda la kuni ulipaa ukatua kwa jirani, naye hana haraka ya kuurudisha. Nafurahi kwamba soksi zinakutosha. Mpe pole Mama yako, na Bibi yako kikohozi chake.

Kuhusu pua: watu wana pua, na watu huzibana. Usilifanye kubwa. Tangu ukiwa mdogo umekuwa mtu wa kukwangua rangi ukutani kuona chini yake kuna rangi gani.

Kuna baridi kali. Vaa vizuri.

Shangazi yako,
Cicely


Hexham, 10 Februari 2019

Shangazi mpendwa,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo, na Bibi ameacha kukohoa.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikiwa kwenye treni. Wewe ndiye uliyewahi kuniuliza mwalimu mkuu wetu mpya huvaa viatu vya rangi gani. Wewe ndiye uliyetaka kujua paka wa jirani alizikwa upande gani wa ua. Sasa nakuambia kwamba mgeni kutoka mji wako amelala kwenye kitanda chako cha usichana, nawe huulizi hata kama alilala vizuri. Nikaelewa kwamba huna haja ya kuuliza.

Jumamosi nikaenda Newcastle. Tulikutana na Sunniva kwenye mkahawa karibu na stesheni. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho yamemvimba. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuzungukazunguka, lakini alinitangulia.

"Umekuja kwa ajili ya pua."

"Ndiyo."

"Cicely ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu," akasema. "Nilikuwa mdogo sana alipokuja kukaa na sisi, mimi na baba. Sikumbuki nyumba yetu kabla yake. Kila Krismasi tunacheza. Wimbo ni pua, kitabu ni kiganja usoni kama mzee aliyelala na kitabu chake. Nilidhani dunia nzima inafanya hivyo. Nilipokwenda shule ya bweni watoto walinicheka mpaka nikalia."

"Mimi chuoni," nikamwambia. "Harufu!"

"Harufu!" Mabega yake yakatikisika.

Nilimuuliza kama alijua nyumba yetu ni ipi alipokubali kuja. Alisema alijua tangu siku Rufus alipomtajia ukoo wake na mji wake. Feri ilizuiwa kweli, hakudanganya, lakini hata ingevuka hana hakika angepanda. "Nimecheza mchezo wa watu nisiowajua maisha yangu yote. Nilitaka kuwaona tu. Nilijiapiza kwamba sitagusa pua. Halafu nikasimama pale, moto nyuma yangu, taji kichwani, mkono ukaenda wenyewe."

Kuhusu kilichotokea baina yenu na nyumba hii hakutaka kusema. Alisema si habari yake kuitoa.

Shangazi, nimekuandikia tangu nikiwa na miaka saba. Kila Krismasi, katikati ya kelele zetu, kuna dakika moja ambapo huwa nakufikiria uko mezani peke yako na yai la kuchemsha, upepo unapiga dirisha. Nimekuhurumia miaka yote hiyo, na nakiri kwamba nimejisikia mwema kwa kukuhurumia. Usiku wa Jumamosi nilizitoa barua zako nikatafuta mahali uliposema uko peke yako. Hakuna. Mimi ndiye niliyekukalisha hapo mezani, nikakupa na hilo yai.

Lakini ulijua ninavyodhani. Kwa nini hukunisahihisha? Sina hasira. Hapana, ninayo kidogo. Zaidi ninataka kujua kama ninakujua.

Mpwa wako,
Bryony


Stromness, 3 Machi 2019

Bryony mpenzi,

Salamu. Natumaini nyote wazima. Mimi ni mzima.

Mume wangu anaitwa Magnus. Anatengeneza mashua za watu na saa za ukutani. Anatia siagi nyingi mno kwenye kila kitu. Mikono yake hutetemeka. Alizaliwa hivyo, na mama yake alikuwa hivyo, si ugonjwa wala si pombe. Akiwa na patasi mkononi hutulia kabisa. Akiwa na kikombe cha chai mbele ya wageni, utadhani kuna tetemeko la ardhi.

Krismasi ya 1997 nilimleta nyumbani mara ya kwanza. Sunniva alikuwa huku na bibi yake. Wewe ulikuwa umelala juu. Mezani Magnus alimwaga mchuzi kwenye kitambaa cheupe cha mama, akajaribu kuufuta, akaangusha glasi. Watu wakasema hakuna neno, hakuna neno. Baadaye tukacheza. Babu yako akachukua karatasi kwenye kofia, akaisoma, akaiweka juu ya piano. Kisha akainua kikombe kisichokuwepo. Mkono ukaanza kutetemeka. Akamwaga. Akafuta, akamwaga zaidi. Alikuwa na kipaji, huwezi kumnyima hilo.

Na baba yako, Edmund, kaka yangu, akapiga kelele: "Magnus!"

Chumba kizima kilicheka. Babu yako akainama kama mwigizaji wa jukwaani. Na Magnus akapiga makofi. Kwa mikono ile ile. Hicho ndicho ambacho sijaweza kukitoa kichwani, kwamba alipiga makofi ili sisi tusione haya.

Nilimwambia baba yako usiku ule ule kwamba nataka waombe radhi. Akaniambia: "Cicely, baba hakusema neno lolote. Ni mchezo." Na ni kweli. Tafuta sentensi ambayo ningeweza kuinyooshea kidole, huipati. Tuliondoka asubuhi.

Unauliza kwa nini sikukutajia. Ulipokuwa na miaka saba uliniandikia kwamba Baba amesoma barua yangu wakati wa kifungua kinywa kwa sauti ya chura na nyote mmecheka sana. Ulifurahi, hukuwa na kosa. Lakini niliamua kwamba jina la Magnus halitaingia tena kwenye chumba kile kwa sauti ya mtu mwingine. Kisha ukakua, na mimi nikawa nimeshazoea.

Kuhusu kucheza, Magnus ndiye aliyetaka. Alisema mchezo haukumkosea kitu.

Nakuomba usiipeleke barua hii mezani.

Shangazi yako,
Cicely


Hexham, 22 Aprili 2019

Shangazi mpendwa,

Heri ya Pasaka. Hatujambo wote. Natumaini wewe na Magnus mko salama, na nimefurahi kuandika jina lake.

Barua yako haikufika mezani. Haijaguswa na mtu. Lakini sikuweza kukaa nayo kimya, na nakuambia ili usije ukasikia kwingine.

Ijumaa Kuu Baba alikuwa anapanda viazi. Nilichukua jembe la pili nikafuata mstari wake. Nikamuuliza: "Baba, Krismasi ile ya Magnus, karatasi ya Babu ilikuwa imeandikwa nini?"

Alisimama. "Nani amekuambia?"

"Nauliza karatasi ilisema nini."

"Hakuna aliyesema neno lolote siku ile, Bryony."

"Najua. Ndiyo maana nauliza karatasi."

Aliangalia shimo lake. "Sijui," akasema. "Sikuiona."

"Sasa ulijuaje jibu?"

Shangazi, sikumuuliza kwa ukali. Nilitaka kujua kweli. Ukiona mtu anainua kikombe mbele ya moto, una kila kitabu na kila wimbo na kila filamu ya dunia mbele yako. Ili useme jina la mtu aliyeketi chumbani, lazima uwe umeshaufikiria mzaha ule mapema, pengine tangu kwenye mchuzi. Baba alipanda viazi vilivyobaki vyote macho ya viazi yakiangalia chini, badala ya juu.

Kwa Bibi sikuhitaji kuuliza. Jana alinyoosha mkono nimpe miwani, akasema: "Yule msichana wa Rufus ni wa Cicely, siyo?"

"Si wa kumzaa, Bibi."

"Nani amesema habari ya kuzaa? Nilimjua kwa mkono." Kisha baada ya muda: "Karatasi ile niliiandika mimi. Ilikuwa wimbo wa kanisani. Nilikaa nikisubiri babu yako anibanie pua, kama kawaida yake, nami nijifanye nimekasirika. Nilisubiri, nikaona kikombe. Na nilicheka, Bryony. Kabla sijajua ni nini, nilikuwa nimeshacheka."

Anasema nikuandikie hivi, nami naandika alivyosema: "Mwambie nina miaka themanini na minane. Sitaki hotuba. Nataka kumwona akila. Na aje na mume wake, na yule mtoto, na siagi yao kama wanataka."

Hiyo ya siagi nilimwambia mimi. Nisamehe. Ni hiyo tu.

Njooni Krismasi.

Mpwa wako,
Bryony


Durham, 15 Septemba 2019

Shangazi mpendwa,

Salamu. Natumaini kimya chako ni cha hasira na si cha ugonjwa. Sunniva ananiambia mko wazima, basi ni hasira.

Nimehamia karibu na shule, anwani iko nyuma ya bahasha. Sitakusumbua sana. Nakuletea habari tu, uzipokee au uziache.

Sunniva huja kwa Bibi baadhi ya Jumapili. Bibi humkalisha kwenye kile kiti chake. Sisi wengine hatujawahi kukikalia hata kwa bahati mbaya. Rufus amelalamika rasmi.

Akija, Baba hupata kazi kwenye kibanda cha bustanini. Hana kazi kule. Nimemwona dirishani akihamisha misumari kutoka kopo moja kwenda kopo jingine. Lakini juzi alikuja nyuma yangu nikipika, akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Huyo baba yake, anakunywa chai ya namna gani?"

"Sijui, Baba. Muulize mwanawe."

"Nilikuwa nauliza tu," akasema, akarudi kwenye misumari.

Nimevunja ombi lako, najua, hata kama barua haikufika mezani. Uliniambia nakwangua kuta. Ni kweli. Lakini sidhani niliyakwangua haya ili nione tu. Nilidhani hivyo mwanzoni.

Kama huji, niambie huji, ili Bibi aache kuuliza kama kuna barua.

Mpwa wako,
Bryony


Stromness, 3 Desemba 2019

Bryony mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Sisi wazima.

Barua yako ya Pasaka ilinikasirisha kiasi kwamba niliificha nyuma ya saa. Nyumbani kwa mtengeneza saa, hilo lilikuwa kosa. Juma lililopita Magnus aliishusha saa aitie mafuta, akaikuta barua, akaisoma. Husoma polepole. Nilimwona akifika mwisho na kuanza upya.

"Kwa hiyo tumealikwa," akasema.

"Tumealikwa na mtoto."

"Na mama yako."

"Umesahau walivyokufanyia?"

"Sijasahau. Lakini mimi ndiye niliyefanyiwa, Cicely, na wewe ndiye unayenuna. Nimekaa kimya miaka yote hii kwa sababu unanuna kwa ustadi sana, sikutaka kukuharibia."

Sikumwandalia chakula cha jioni. Akala mkate na siagi, akafurahi tu.

Tunakuja tarehe ishirini na tatu, bahari ikituruhusu. Mwambie Bibi yako nitakula. Lakini sikiliza, Bryony. Mimi sitacheza. Magnus akitaka acheze. Edmund atakapokwenda kuchukua karatasi kwenye kofia ile, mimi nitatoka chumbani. Usinifuate na usinibembeleze.

Magnus anakunywa chai nyeusi, sukari mbili, kikombe kisijae.

Shangazi yako,
Cicely


Hexham, 30 Desemba 2019

Shangazi mpendwa,

Natumaini mmefika salama na bahari haikuwatesa. Bibi amelala mchana wote tangu mlipoondoka, usingizi wa mtu aliyeshiba. Anakusalimu. Anasema hukuongeza viazi mara ya pili, na kwamba ameona.

Jana pale stesheni uliniuliza ni nini kilitokea ulipokuwa juu na Bibi, nami nikaangalia treni. Magnus akakuambia, "Muulize Bryony, yeye ndiye mwandishi." Sikuweza kusema mbele ya Baba aliyekuwa amebeba mizigo yenu na hataki kuitua. Basi nakuandikia.

Ulitoka Baba alipotia mkono kwenye kofia. Nilisikia hatua zako ngazini, na mlango wa Bibi. Magnus, Sunniva na Rufus walikuwa upande mmoja, mimi na Mama na Baba upande wa pili. Pointi zilikuwa sawasawa. Mama aligeuza kipima muda.

Baba alisoma karatasi yake, akaikunja, akaiweka juu ya piano. Niliona Magnus anaiangalia ile karatasi pale ilipowekwa. Alikuwa na chai mkononi, kikombe hakijajaa, Baba mwenyewe alikuwa amemletea.

Baba akasimama mbele ya moto, mikono ubavuni. Hakufanya kitu.

"Edmund, ni kitabu au filamu?" Mama akauliza.

Hakufanya kitu.

"Baba, mchanga unaisha," Rufus akasema.

Kisha mkono wake wa kulia ukapanda, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyeshika kikombe. Mimi nilikuwa upande wake. Kazi yangu ilikuwa kukisia. Na nilijua, kama alivyojua yeye siku ile, kabla hajamaliza nilikuwa nimeshajua, na jina lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nilibana meno. Sikutaka kuwa wa kwanza.

Mkono ukabaki juu, haukutetemeka. Halafu akaushusha. Akajigusa kifuani. Akafungua mdomo wake, nikadhani anaigiza kicheko, lakini alikuwa anatafuta hewa tu.

"Magnus," akasema. Kwa sauti, ile sauti yake ya kawaida, ya kuuliza nani ameacha taa inawaka. "Mimi ndiye niliyelitaja jina lako. Baba alikuwa hajamaliza hata kuinua kile kikombe. Nilijua anataka kufanya nini, na nilitaka kuwa wa kwanza kulisema. Nikacheka. Halafu nikamwambia dada yangu kwamba Baba hakusema neno. Nililisema mimi. Nisamehe."

Kikombe cha Magnus kilikuwa kinagonga kisahani chake, ti ti ti ti, naye hakujaribu kukizuia. Alikiweka chini taratibu. Chai kidogo ikamwagika kwenye zulia. Sisi sote tukaiangalia na hakuna aliyesema "hakuna neno".

"Nimekusikia," Magnus akasema. Akafikiri. "Nimekusikia vizuri, Edmund."

Na Sunniva, ambaye tangu mwaka jana humwita Baba "Bwana Fenwick" na kumpisha mlangoni kama daktari mkuu, akasema kutoka sakafuni alipokaa:

"Mjomba, umesema."

Baba akamgeukia. "Nini?"

"Umesema, Mjomba. Kwa mdomo. Huu ni mchezo wa ishara, hairuhusiwi kusema. Umepoteza zamu, na pointi ni yetu."

Tulisubiri. Unamjua Baba. Tangu nizaliwe sijamwona akiachia pointi. Rufus alikuwa ameshavuta pumzi kwa ajili ya kesi.

"Sawa," Baba akasema. "Nimepoteza."

Akaketi. Mama akaandika. Mkono wake wa kalamu ulikuwa unatetemeka, nikaona Magnus anauona, akatabasamu kidogo akiangalia pembeni.

Ndipo ulipoingia, umemshika Bibi mkono, ukatuuliza nani ameshinda. Hakuna aliyekujibu. Uliona macho ya Baba yalivyokuwa mekundu, ukamwangalia Magnus, ukakunja uso kama wa mtu atakayeondoka asubuhi, kama mwaka ule. Nilitaka kukimbia nikueleze. Lakini ulikuwa umesema nisikufuate.

Ni ninyi, Shangazi. Mlishinda kwa pointi moja.

Mpwa wako,
Bryony